Mbegu kwenye Vumbi

Nilifanya kazi ya ubwana shamba miaka 32, mingi yake Makindu. Swali nililoulizwa kuliko yote halikuhusu mbolea wala viwavi. Lilikuwa hili: "Bwana shamba, mvua inanyesha lini?"

Mwaka mmoja, Novemba ilipoanza, kipima mvua changu kilijaa siku mbili mfululizo. Nikawaambia watu wapande mahindi shamba zima. Mvua ikakata. Mahindi yaliota, yakanyauka yakiwa kimo cha kiganja. Jirani mmoja alikuwa ameuza mbuzi ili anunue mbegu. Hakunilaumu, aliendelea kunisalimu vilevile, na salamu ile ndiyo iliyoninyima usingizi. Nikaanza kukwepa mabaraza.

Oktoba iliyofuata, Jumamosi moja alfajiri, nilitoka kutembea peke yangu. Nilipita hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli, ambako kila msafiri hulishwa bure. Moshi wa jikoni ulikuwa umeshapanda. Wapishi wale huinjika sufuria bila kujua siku hiyo watakuja wangapi.

Nikaufuata mto kuelekea chemchemi. Nyika ilikuwa kavu, migunga imepukutika, na bado maji yalikuwa yakitiririka miguuni pangu. Sababu niliijua, nilikuwa nimeifundisha mara nyingi. Milima ya Chyulu ni ya volkano. Mvua na ukungu vinavyoiangukia huzama katika mawe yake yenye matundu, kisha maji huibuka chini: hapa kwetu, Kibwezi, na Mzima, yanakotoka maji yanayopelekwa Mombasa kwa bomba. Asubuhi ile niliinama nikanywa, na ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nikinywa mvua ambayo kipima mvua changu hakikuwahi kuiona. Chombo changu kilipima matone yaliyokiangukia tu, nami nilikuwa nimekigeuza kuwa mtabiri.

Wakati wa kurudi nilimkuta bibi mmoja akifukia mbegu kwenye vumbi.

"Susu, unapanda na mvua hatujui kama itakuja?"

"Mwanangu, ikija inikute nimeshapanda."

Nikachungulia kibuyu chake. Mlikuwa na mtama, kunde, ndengu, na mahindi kidogo. Mvua ikidumu, angevuna mahindi. Ikikatika mapema, kunde na ndengu zingekuwa zimeshakomaa. Hakuwa amebahatisha hata punje moja. Kutojua kwake alikuwa amekuhesabu tangu kwenye mbegu.

Jumatatu nilimpelekea yule jirani debe la ndengu na kumwomba radhi. Alinikaribisha chini ya mti, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwaka huu je, itanyesha lini?"

"Sijui," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikunichoma. "Chukua jembe, tuligawe shamba."