Moshi Mweusi wa Mashine ya Unga

Katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi hiyo, kwa watu wa Kabuta na vijiji vingine vya wilaya ya Nchelenge, muhogo ndio hubeba nyumba. Hulowekwa siku kadhaa, huanikwa, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kusaga, ambayo wenyeji huiita chigayo. Chigayo kikisimama, akina mama hurudi kwenye kinu na mchi. Kwa hiyo afya ya injini ya dizeli ni jambo la jikoni pia, wala si la karakana peke yake.

Mwenye chigayo mmoja wa huko aliona injini yake, ya silinda moja, ikitoa moshi mweusi kila muhogo ulipomiminwa. Mwendo ulipungua, na kazi ya debe moja ikachukua muda wa madebe matatu. Foleni ikaingia usiku. "Tata, sisi tutapika saa ngapi?" akauliza mama mmoja, naye hakuwa na jibu. Fundi mpita njia akakata shauri papo hapo kwamba pampu ya dizeli imekufa. Bei ya pampu ilikuwa sawa na karo ya watoto wake wawili.

Mafundi wengi hukimbilia pampu na nozeli, labda kwa sababu huko ndiko kwenye malipo. Lakini moshi mweusi husema neno moja tu: dizeli iliyoingia ni nyingi kuliko hewa iliyopo. Aghalabu watu husahau kwamba injini hula hewa kuliko inavyokunywa mafuta. Lita moja ya dizeli huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa ili iungue sawasawa. Tena Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani. Injini za kusagia za namna hii hazina kilango cha kupunguza hewa. Gavana hupima mafuta tu. Kazi ikizidi, gavana huongeza dizeli bila kujua kwamba njia ya hewa imeziba.

Mzee mmoja aliyepata kufanya kazi migodini, Ukanda wa Shaba, aliomba spana na dakika kumi. Alilifungua chujio la hewa, lile la bakuli la oili. Oili ilikuwa imegeuka uji mzito wa unga wa muhogo na vumbi. Akaamuru injini iwashwe bila chujio, isage debe moja tu. Moshi ukatoweka. Jaribio hilo ni la muda mfupi mno. Injini ikiendeshwa hivyo siku nzima, vumbi litasaga ringi na silinda kama tupa. Chujio lilioshwa kwa mafuta ya taa, likakauka, likatiwa oili mpya hadi kwenye alama.

Kisha alipitisha kidole ndani ya bomba linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bomba hilo likiwa na unga ndani, basi kuna ufa au kiungo kilicholegea, na hewa huingia bila kuchujwa. Injini ya namna hiyo haitoi moshi mweusi mapema. Huchakaa kimyakimya, hata siku moja ikaanza kutoa moshi wa buluu wa kula oili.

Magari ya dizeli ya zamani yana ugonjwa mwingine. Baadhi ya Land Cruiser za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na gavana inayotumia mvuto wa hewa: kilango huwa katika njia ya hewa, na kibomba chembamba hupeleka mvuto huo kwenye kiwambo kilicho nyuma ya pampu. Kibomba kikipasuka au kiwambo kikitoboka, mvuto hupotea, pampu hutoa mafuta tele, na injini hunguruma kwa kasi ingawa dereva hajakanyaga kitu. Kibomba ndicho cha kutazamwa kwanza, kwa kuwa ni cha bei ndogo. Magari ya siku hizi huendesha kilango chake kwa mota ya umeme, na masizi hukigandisha. Hapo hutakiwa kifaa cha kusomea hitilafu, ambacho si rahisi kukipata vijijini.

Liko kosa moja la hatari. Bakuli la chujio likijazwa oili kupita alama, injini huweza kuinyonya na kuiunguza kama mafuta. Hapo hukimbia ovyo, na kufunga dizeli hakusaidii kitu. Dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao mpana ulio imara; si kwa kiganja, wala si kwa gunia, ambalo huweza kumezwa. Huko Kabuta ubao wa namna hiyo sasa umetundikwa ukutani karibu na injini, na watoto wamekatazwa kuuchezea.