Bastola ya Plastiki na Gobore la Mzee

Wezi walioingia kwa jirani yangu hapa Malangali (ya Sumbawanga, si ile ya Iringa yenye shule kongwe) walikuwa na mapanga mawili tu. Walichukua fedha za mahindi, wakamkata mkono, wakaondoka kwa miguu bila haraka. Wiki hiyohiyo nikaanza kuulizia kibali cha bastola. Mimi nanunua mahindi na maharage. Msimu ukifika nalala na fedha za watu ndani. Sikuona ujinga wowote katika wazo hilo.

Mwenzangu mmoja wa biashara, anayetoka Mbeya, anamiliki Glock 17 kwa kibali. Jioni moja alinionyesha. Kwanza akatoa magazini, akavuta slaidi nyuma, akachungulia chemba, kisha akaingiza na kidole kuhakikisha. Ndipo akasema, "Haya, shika."

Nilitegemea uzito, nikakuta wepesi. Kishikio na mwili wake wa chini ni polima, yaani plastiki ngumu. Chuma kimebaki kwenye mtutu, slaidi na vipuri vya ndani. Bila magazini ina gramu kama 630 hivi. Babu zetu waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wangeshangaa silaha kusifiwa kwa kupunguziwa chuma. Gaston Glock, Mwaustria aliyeibuni, hakuwa mtu wa bunduki. Kiwanda chake kilitengeneza visu na vitu vya plastiki. Jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982. Mwaka 2013 jeshi la Uingereza nalo likaichagua ishike nafasi ya Browning, bastola ya chuma iliyobeba risasi 13. Hii inabeba 17. Polima haishiki kutu, na asubuhi ya Juni huku Ufipa haigandishi mkono. (Ile porojo kwamba mashine za uwanja wa ndege haziioni, achana nayo. Hicho chuma kilichobaki kinatosha kabisa.)

Kasoro nilianza kuziona kiganjani. Nina vidole vifupi; kishikio kilinijaa, nikawa nageuza mkono ili niifikie triga. Halafu ina urefu wa sentimita 20. Askari ataivaa kiunoni mbele za watu, lakini mimi nikiinama kupima gunia kila mtu ataiona.

Kubwa zaidi ni sefti. Pembeni hakuna kitu cha kubonyeza ili kuizima. Katikati ya triga kuna kiulimi kidogo. Kidole kikikaa sawasawa, kiulimi kinashuka na triga inakwenda. Vizuizi vingine viwili vimo ndani, ili isifyatuke ikianguka. Wanaoisifu wanasema ndiyo raha yake: ukiwa na hofu, huna cha kukumbuka. Kwa askari nakubali. Lakini hata kuifungua uisafishe lazima kwanza uvute triga, kwa hiyo aliyesahau risasi kwenye chemba atakumbushwa kwa mlio.

"Na mtoto je?" nikauliza.

"Una wangapi, kaka?"

Watatu. Wa mwisho ana miaka sita, na hakuna mahali nilipowahi kuficha simu asipopajua.

Hapo nikakumbuka gobore la Mzee. Lilikaa juu ya dari la jikoni, jeusi kwa moshi. Kama silaha lilikuwa bovu. Umwage baruti, ushindilie kitambaa, uweke gololi, ushindilie tena, upachike fataki. Ukimaliza, nguruwe pori yuko shamba la tatu. Masika likagoma kabisa. Nikiwa na miaka tisa nililishusha, nikamwelekezea mtoto wa baba mdogo, tukicheka wote wawili, nikavuta. Likalia "ta!" basi. Fataki zilikuwa kwenye kikopo mfukoni mwa Mzee, na Mzee siku hiyo alikuwa Laela. Yule ndugu yangu sasa ana wajukuu. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, na Mzee alikufa halijui.

Nyumbani nilimsifia mke wangu ile bastola kwa muda mrefu. Akauliza kitu kimoja tu, "Utaiweka wapi, baba?" Tukazunguka vyumba vyote viwili na tochi ya simu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka itunzwe mahali salama, na mimi sihitaji sheria kunifundisha hilo. Basi kasha la chuma, na kufuli. Usiku wa manane, mlango unavunjwa, nami napapasa ufunguo gizani: ule utayari wote ninaoulipia umefungiwa humo. Nikiuacha chini ya mto, yupo wa miaka sita.

Kwa sasa nimeweka mlango wa chuma, na fedha nazipeleka benki kabla hawajafunga, hata kama ni kupoteza wateja wa jioni. Jirani bado hawezi kunyanyua debe kwa mkono wa kushoto. Juzi aliniuliza kama kibali kimetoka. Nikamwambia fomu ziko mezani.