Simu Yenye Subira

Simu yangu si ya bei kubwa, lakini kwa kasi ya prosesa inaipita Game Boy, ile mashine ya zamani ya gemu ya kushika mkononi, mamia ya mara. Hata hivyo, nikiifungulia gemu ya mwaka 1989, haikimbii. Inachora picha moja, inamaliza mapema, kisha inakaa ikingoja zamu ya picha inayofuata. Picha hizo ni karibu 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila moja ina milisekunde 16 na ushei, na sehemu kubwa ya muda huo simu haina la kufanya. Inasubiri tu. Tangu nilipolijua hilo, naitazama emuleta kwa jicho jingine.

Kwa asiyeijua, emuleta ni programu inayoifanya mashine moja ijifanye nyingine. Gemu ya zamani iliandikwa kwa amri za chipu ambayo simu yako haielewani nayo. Emuleta huzipokea amri hizo moja baada ya nyingine na kuzitekeleza vilevile ambavyo chipu ile ingezitekeleza, ikiheshimu kumbukumbu yake ya kilobaiti 8, kioo chake cha vitone 160 kwa 144, na rangi zake nne ambazo kusema kweli ni rangi moja tu, kukolea na kufifia. Vijana wa mtaani kwetu ukiwatajia emuleta, mawazo yao yanakwenda kwenye PPSSPP, ile aliyoianzisha Henrik Rydgård mwaka 2012, na wanacheza mpira wa PSP mpaka chaji iwaishie. Siwalaumu, mpira ni mpira. Mimi nimenasa kwenye Game Boy.

Wala si kwa kuukumbuka utoto, maana utotoni sikuwa nayo. Sisi tulikuwa na vile vimashine vya Kichina vya matofali yanayodondoka, vilivyojinadi kuwa na gemu 9999, ukizicheza unakuta ni zilezile chache zimebadilishwa kasi. Game Boy yenyewe niliishika kwa binamu yangu alipokuja likizo kutoka Maskati, tena kwa zamu. Kioo chake hakikuwa na taa ndani. Ilibidi ukae mlangoni, uipindepinde mpaka mwanga ukae sawa, na jua likizama mchezo umekwisha hata kama betri bado zina nguvu. Mama alikipenda sana kifaa kile. Magharibi ikiingia, hakuwa na haja ya kumgombeza mtu.

Unyonge ule ulikuwa wa makusudi. Gunpei Yokoi aliingia Nintendo mwaka 1965 akiwa fundi wa kutunza mitambo ya kiwanda, na akaja kuwa kiongozi wa kikosi kilichoiunda Game Boy. Falsafa yake ilikuwa kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, iliyoshuka bei na kujulikana tabia zake zote, kisha kuifanyia jambo ambalo wengine hawajalifikiria. Mwaka uleule Game Boy ilipotoka, 1989, Atari walitoa Lynx, yenye rangi na taa, ikala betri sita kwa saa chache. Sega wakaja na Game Gear mwaka 1990, nayo ikawa na ulafi uleule. Game Boy ilitumia betri nne na ikacheza zaidi ya saa kumi. Ukiijumlisha na ndugu yake Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Lakini kinachonivutia ni namna waandishi wa emuleta wanavyouheshimu unyonge huo. Kioo cha Game Boy kilikuwa kizito, kitone kikizimwa hakitoweki papo hapo, kinaacha kivuli nyuma yake. Watunzi wa gemu waliligeuza tatizo hilo kuwa nyenzo. Wakitaka kitu kionekane hafifu kama moshi, walikichora kwenye picha moja, wakakiruka kwenye picha inayofuata, wakakichora tena. Kioo kizito kikavichanganya, na jicho likaona kitu nusu kipo, nusu hakipo. Peleka gemu hiyo kwenye kioo cha simu, chepesi na kikali, na ujanja wote unafichuka: moshi unapepesa mpaka macho yanauma. Ndiyo maana baadhi ya emuleta zina mpangilio wa kuchanganya picha mbili, yaani kuurudisha ule ukungu. Kuna mtu alikaa akaumiza kichwa kuandika msimbo wa kuifanya simu nzuri ionyeshe vibaya! Vivyo hivyo, Game Boy haikuweza kuchora vikaragosi zaidi ya 10 katika mstari mmoja wa kioo, cha kumi na moja kilipotea. Simu ingeweza kuvichora vyote bila kutoka jasho, lakini emuleta iliyo makini inachora 10, cha kumi na moja inakiacha kipotee, kwa kuwa ndivyo mashine ile ilivyokuwa.

Najua kuna ugomvi wa haki miliki. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix, iliyokuwa imetengeneza emuleta, dhidi ya Sony, na emuleta zikapata pa kusimama kisheria. Gemu zenyewe bado ni mali ya wenyewe. Upande wa pili, utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani haziuzwi tena. Ugomvi huo nawaachia wanasheria.

Mpwa wangu wa darasa la sita hana habari na hayo yote. Akiishika simu yangu, kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye mishale miwili ya kuharakisha. Pokémon ina maandishi yanayotokea herufi moja moja, naye anayamwaga yote kwa mkupuo. Muziki unageuka mlio wa panya, pambano la dakika tatu linakwisha kabla hajameza mate. "Mjomba, huyu babu anaongea polepole mno," ananiambia, akimaanisha yule profesa anayemkaribisha mchezaji mwanzoni. Kuna mahali nampa haki yake. Kupita kwenye nyasi zilezile mara ya ishirini hakumfunzi mtu chochote, na hapo hata mimi nabonyeza.

Ila mishale ile ya kuharakisha ipo hata nyumbani kwetu, bila simu. Baba alipata kiharusi. Maneno yake anayo yote, lakini yanatoka kwa mwendo wao. Anaanza, "Yule mtu wa... wa..." na watu watatu wanamrushia majibu: wa Korogwe? Wa dukani? Wa jana? Tunakisia vizuri, mara nyingi tunapatia. Tukipatia, mzee anaitikia kwa kichwa, kila mtu anafurahi kwamba ameeleweka, na habari inaishia pale. Kumbe jina lilikuwa mlango tu. Alichotaka kusema kilikuwa ndani, na sisi tumeshafunga mlango kwa shangwe.

Kusubiri kwa emuleta si kusinzia. Prosesa imemaliza sehemu yake, saa yake inaendelea kuhesabu, na wakati ukifika haichelewi hata kidogo. Kukaa na baba kwa namna hiyo ni kazi, tena nzito kuliko kumkisia. Ulimi unawasha, jibu unalo mdomoni, na lazima ulimeze. Mpwa wangu, nashangaa, ndiye anayeiweza kuliko sisi watu wazima. Labda kwa sababu hamjui mtu wa Korogwe, hana cha kukisia.

Ni yeye aliyekuwa amekaa na babu yake siku habari ile ilipofika mwisho. Yule mtu wa Korogwe, kabla sijazaliwa mimi, alimwazima baba pampu ya baiskeli, na baba hakuirudisha. Anataka irudi kwa mwenyewe. Tumepiga simu huku na kule, tukaambiwa mwenyewe alishafariki, ila mwanawe ana gereji pale stendi. Pampu imenunuliwa mpya, maana ile ya zamani haijulikani iliko. Kilichobaki ni ubishi wa nani aipeleke, na baba ameshaanza sentensi nyingine kuhusu hilo.