Nilifuata dili Same, nikamkuta bibi wa shimoni

WIKI hii nilikuwa Same, na niseme ukweli mapema: sikwenda kutalii. Nilikwenda na ndoo yenye mfuniko. Mshikaji wangu mmoja wa Kariakoo alinitonya kuwa kuna Wazungu wanafuga buibui ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka, na yule mkubwa wa nyika yetu wanamlilia ile mbaya. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kwenda tu. Ya kurudi ingetoka kwenye ndoo.

Usije ukadhani nasema buibui la mama zetu wa Mwambao, wala yule wa kwenye kona ya dari. Huyu ni ukoo wa tarantula. Jike akinyoosha miguu anaweza kufika sentimita 20, sahani ya chai anaifunika yote. Rangi yake ni ya kutu, manyoya kama mahameli. Wazungu wanamwita buibui nyani kwa vile ncha za miguu yake zinafanana na vidole vya nyani. Kwao ni nyika kavu za Kenya na Tanzania.

Mjomba wangu anachunga mbuzi kule tambarare, Milima ya Upare mgongoni, nyika ya Mkomazi mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Ndoo ya nini?"

Nikasema ya maji. Akaniangalia tu.

Jioni akanipeleka kwenye mgunga mmoja karibu na zizi. Chini yake kulikuwa na tundu la mviringo, upana kama mdomo wa glasi, limezungushiwa utando mwembamba. Shimo la namna hiyo linaweza kushuka hadi mita 2, na mwenyewe hana jembe wala sururu. Anachimba kwa miguu ya nyuma, minene na iliyopinda. Mchana yuko chini, usiku anakaa mlangoni kusubiri mende au kombamwiko apite.

Nikachomeka unyasi nikautikisa. Jamani! Alipanda kwa kishindo, akainua miguu ya mbele, meno nje. Buibui wa ukutani meno yake hukutana kama koleo, lakini ya huyu hushuka sambamba kama sururu mbili. Halafu akatoa sauti! Chhhhh, kama samaki anayetumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Anasugua nywele za mashina ya miguu yake ya mbele, ndiyo kelele inatoka. Ndugu zake wengi wa Amerika wakikasirika wanakupukutishia nywele za kuwasha. Wa Afrika hawana mambo hayo, wao ni kuuma tu, na maumivu yake si ya kitoto.

Niliruka hatua tatu. Ndoo ikampata mbuzi.

"Huyu bibi yupo hapa tangu hujaanza shule," mjomba akasema.

Nikadhani ananizingua, kumbe wala. Jike anaishi miaka zaidi ya 20, na anakua taratibu mno, miaka kadhaa inapita kabla hajafikia kuzaa. Yaani yule niliyetaka kumtia kwenye ndoo huenda ni rika langu. Dume ndiye mwenye balaa: mdogo, mwembamba, akishajivua gamba la mwisho anahama shimo lake, anazurura usiku kutafuta mchumba, na hamalizi muda mrefu anakufa. (Sinza nawajua wa hivyo.)

Hata jina lake lina kesi. Mwaka 1885 Mjerumani Ferdinand Karsch alimwandika Pelinobius muticus, katika orodha ya wadudu aliorudi nao Dk. Gustav Fischer kutoka safari ya Umasaini. (Nasema wadudu, mwalimu wangu wa baiolojia anisamehe, miguu yake ni 8.) Mwaka 1900 Mwingereza Reginald Pocock naye akaja na lake, Citharischius crawshayi, na hilo ndilo likavuma miaka mia nzima. Mwaka 2010 mtaalamu Richard Gallon akaonyesha kuwa ni mtu yule yule mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa. Kwa sheria zao, kilichoandikwa kwanza ndicho halali, basi Pelinobius akarudishiwa jina. Katika jenasi hiyo yuko peke yake, hana ndugu wa tumbo moja.

Na dili? Mshikaji hakunikumbusha kuwa mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Lakini nisijifanye mwema. Kilichonitoa pale kwanza ni ile chhhhh, halafu ile hesabu ya miaka. Jembe nilikuwa nimeshaliazima kwa jirani. Nililirudisha usiku ule ule.

Nauli ya kurudi Dar amenipa mjomba, kwa sharti moja: nimwachie ndoo.