Taya na Kazi Yake

Nakuomba, msomaji, uweke ncha ya kidole mbele ya kila sikio, kisha ufumbue kinywa polepole. Utahisi kitu kigumu kikizunguka, na kinywa kikizidi kufunuka, kitu hicho huteleza mbele na kuacha kishimo kidogo. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Bawaba ya mlango huzunguka mahali pamoja tu. Kiungo hiki huzunguka na kusafiri. Tena viungo hivi ni viwili juu ya mfupa mmoja, hata kimoja hakiwezi kwenda pasipo mwenziwe. Baina ya kichwa cha taya na fuvu pana kisahani cha gegedu, chembamba katikati, kinachohama pamoja na taya na kuzuia mifupa isisagane.

Sasa shika panja zako, uume meno. Kinachovimba chini ya vidole ni msuli uliotandaa ubavuni mwa kichwa kama upepeo wa kuchochea makaa, ukakusanyika, ukapita nyuma ya mfupa wa shavu na kulishika taya. Msuli wa shavuni hushuka kutoka kitefute hadi pembe ya taya. Wa tatu umejificha upande wa ndani, nao huvuta pamoja na hiyo miwili kufunga kinywa. Wa nne ni mdogo, lakini ndio unaovuta kichwa cha taya mbele na kupeleka taya kando. Bila mwendo huo tungeuma tu, tusingesaga.

Kazi hiyo huonekana vyema Kitale, ambako mahindi yaliyokomaa huchomwa kandokando ya njia, punje zake ngumu kama changarawe. Bungoma ni nchi ya miwa. Mtazame mtoto akitafuna muwa: hulimenya ganda kwa meno ya mbele, lakini pingili huipeleka kwenye magego. Hakufundishwa na mtu. Magego yako karibu na misuli na kiungo, na hapo ndipo nguvu ya taya ilipo kubwa, kama mkasi ukatavyo kitu kigumu karibu na msumari wake.

Barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar huelekea nchi ya kiumbe aliyetuzidi mno katika kazi hii. Mwaka 1985, magharibi ya Ziwa Turkana, Alan Walker aliokota fuvu jeusi la miaka ipatayo milioni mbili na nusu. Juu ya utosi wake umesimama ukingo wa mfupa kama upanga wa jogoo. Misuli ya panja ilikuwa mikubwa hata ubavu wa kichwa haukuitosha. Ikapanda mpaka utosini, ikajishikiza huko. Ubongo wake ulikuwa mdogo. Sisi tumepewa kinyume, na moto wa kupikia juu yake.

Walakini misuli yetu midogo yaweza kutesa. Shangazi yangu wa Bungoma aliumwa sikio na gego la kushoto kwa majuma mengi. Aling'olewa gego, nalo halikuwa na tundu wala ufa, maumivu yakabaki. Alipokwenda Kitale kumtazama bintiye, tabibu mmoja mzee hakumwangalia meno kwanza. Alimbonyeza shavu, na shangazi akapiga kelele kwamba anaumwa pale pasipo na jino. Sababu yake yaeleweka: mshipa wa fahamu unaohudumia meno ya taya la chini ndio unaohudumia misuli ya kutafuna, na tawi lake jingine hufika kwenye kiungo na sikioni. Ubongo hupokea habari, ukakosea mlango zilikotokea. Binti akakumbuka kwamba mama husaga meno usingizini.

Dawa yake ilikuwa vitambaa vya maji ya moto, uji na mlenda, kupiga miayo kwa kiasi, na kuacha miwa kwa muda. Kabla ya mavuno alikuwa akila mahindi ya kuchoma tena, upande wa kulia, maana kushoto gego halipo.