Kwa Pamoja au kwa Mfululizo?



Ninyi mnaojifunza Kiswahili hapa Kagarama mmezoea kutafsiri "ubujura" kwa neno moja: wizi. Sheria haitosheki na neno hilo. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu makosa na adhabu ilimwekea mwizi kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 2, kisha ikaagiza adhabu iwe maradufu akivunja, akipanda ukuta, akitumia funguo bandia au akiiba usiku.

Darasani wengi walitaka zaidi: mwizi sugu afungwe miaka isiyopungua 10 kwa kila nyumba. Nawaelewa. Jirani yangu mshonaji amevunjiwa mlango mara mbili, na cherehani iliyochukuliwa ndiyo iliyowalipia wanawe karo.

Hata hivyo, pigeni hesabu. Mtu amevunja nyumba 3, amehukumiwa miaka 4 kwa kila moja. Vifungo vikitumikiwa kwa pamoja, atatoka baada ya miaka 4; vikitumikiwa kwa mfululizo, yaani kimoja baada ya kingine, atatoka baada ya 12. Miaka 8 inaning'inia kwenye neno moja, nami nataka neno hilo litamkwe na hakimu aliyesikiliza shauri, si na sheria iliyotungwa kabla kosa halijatendeka.

Tanganyika ilijaribu njia ya pili. Sheria yake ya mwaka 1963 ya adhabu za chini iliweka miaka 2 na viboko 24 kwa makosa kadhaa, uvunjaji wa nyumba ukiwamo. Hakimu aliweza kulegeza tu ikiwa ni kosa la kwanza, mali haifiki shilingi 100 na kuna sababu maalumu. Aliyerudia kosa hakuwa na upenyo huo, hata kama safari hii ameiba sufuria.

Hapa kwetu, mwaka 2019, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kumzuia hakimu kupunguza kifungo cha maisha kwa aliyenajisi mtoto ni kinyume cha Katiba. Ikiwa hakimu huruhusiwa kupima katika kosa zito kama hilo, kwa nini afungwe mikono mbele ya mvunja nyumba?

Mwanafunzi mmoja alinijibu: "Mwalimu, hakimu akihongwa je?" Hoja hiyo ina nguvu kuliko zote nilizosikia. Ila hakimu hulazimika kuandika sababu za hukumu yake, na mwendesha mashtaka anaweza kuikatia rufaa. Kiwango cha chini hakiandiki sababu yoyote.