Picha ya Radi, Macho Barabarani

Usiku Ziwa Victoria hupata radi nyingi, nchi kavu ikiwa imepoa kuliko maji. Kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, mtoto kiti cha nyuma anataka picha. Anabonyeza simu, mwanga umeshapotea. Anapata giza na alama za vidole kwenye kioo. Baba naye anageuka kuangalia. Hatari iko hapo kuliko kwenye radi, kwani bodi ya chuma huupitisha umeme nje hadi ardhini, mradi vioo vimefungwa. Ng'ombe barabarani hana taa.

“Baba watoto, tazama mbele!”

Mama anamwambia mtoto arekodi video, simu ameiegemeza kiooni, mkanda haufunguliwi. Picha wataichomoa humo baadaye. Wanafika Lamadi na dakika nne za giza, radi moja, na sauti ya mama.